Komando, Nyarigoti na diski ya pili

Najua mmenisubiri. Niliahidi sehemu ya pili ya somo letu la hifadhidata, nayo bado iko njiani. Nilikuwa nyumbani Nyamira, na huko nikapata kazi ambayo sikuipanga. Binamu yangu, ambaye zamani alikuwa na kibanda cha video karibu na Keroka, alinikabidhi katoni iliyojaa diski. Alitaka nizihamishie zote kwenye diski ngumu moja kabla ukungu haujazimaliza. Nikakubali, maana kunakili diski si kazi ngumu: unaweka, unasubiri, unatoa. Tatizo ni kwamba ukisubiri sana unaanza kutazama.

Diski ya kwanza kutoka kwenye katoni ilikuwa Commando, ile ya mwaka 1985 ya Arnold Schwarzenegger. Sikuwa nimeiona tangu nikiwa mtoto. Mnaikumbuka: mwanajeshi mstaafu John Matrix, binti yake anatekwa, naye anapewa muda wa saa chache tu. Anaruka kutoka kwenye ndege inayopaa, anatua majini, anainuka bila kuchubuka. Mwishoni anaingia kisiwani peke yake na kumaliza kambi nzima ya wanajeshi ambao risasi zao hazimpati hata kwa bahati mbaya.

Nilicheka peke yangu. Halafu nikanyamaza, kwa sababu nilikumbuka jambo ambalo sikupenda kulikumbuka. Nitalifikia. Kwanza tuulizane swali moja: hizi picha za kupindukia, za mtu mmoja kulishinda jeshi, zilitupa nini sisi watoto wa Kisii na Nyamira, na zilitunyima nini? Wako wanaosema ni upuuzi uliowaharibu vijana. Wako wanaosema ni burudani tu, tusiwasumbue watu. Mimi naona makundi yote mawili hayakukaa kwenye kibanda.

Basi tuanze na kibanda chenyewe, kwa ajili ya wasomaji wangu wadogo waliozaliwa na simu mkononi.

Kilikuwa chumba cha mabati chenye mabenchi ya mbao, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie. Mbele kulikuwa na televisheni ya inchi 14 ndani ya sanduku lenye kufuli, deki chini yake, na spika mbili kubwa kuliko televisheni. Umeme ukipotea, jenereta ilinguruma nyuma ya ukuta na moshi wake ulituingilia. Nje palisimama ubao ulioandikwa kwa chaki majina ya picha za siku hiyo. Mwenye kibanda hakuandika jina la Kiingereza ikiwa aliona halitavuta watu. Aliandika "Komando", "Rambo", "Jackie Chan mpya", hata kama huyo Jackie Chan alikuwa wa mwaka 1978.

Binamu yangu alianza na mikanda ya VHS. Mkanda ulikuwa unachoka: kila ukichezwa, kichwa cha deki kinausugua, na mkanda ulionakiliwa kutoka mkanda mwingine unapoteza ubora kila kizazi. Baadaye zikaja VCD, ambazo kiwango chake kilitoka mwaka 1993. Hapa mtanivumilia, maana huu ni uwanja wangu. VCD ilikuwa CD ya kawaida yenye video ya MPEG-1, pikseli 352 kwa 288, kwa kasi ya megabiti 1.15 kwa sekunde. Diski moja ilibeba dakika 74 hivi. Commando ina dakika 90. Kwa hiyo sinema ilikuja kwa diski mbili, na katikati palikuwa na dakika mbili za giza, kelele, na mwenye kibanda akipita kuhakikisha hakuna aliyeingia bila kulipa.

Baada ya VCD zikaja DVD za "20 kwa 1", zenye jalada la picha ndogondogo za mastaa. Piga hesabu. DVD ya safu moja ina gigabaiti 4.7. Gawanya kwa 20, kila sinema inapata megabaiti 235. Kwa sinema ya dakika 90 hiyo ni wastani wa megabiti 0.35 kwa sekunde, chini ya theluthi moja ya kasi ya VCD.

Sasa, MPEG inafanyaje kazi? Inahifadhi fremu moja nzima, halafu katika fremu zinazofuata inahifadhi tu kilichobadilika, ikiigawa picha katika viboksi vya pikseli 16 kwa 16. Mtu akikaa anaongea, ni mdomo tu unaosogea, kwa hiyo data inatosha. Lakini ghala likilipuka, kila kiboksi kinabadilika kwa wakati mmoja, na data haitoshi tena. Picha inavunjika vipande vya mraba. Mnaona kichekesho? Wakati uleule ambao sinema ilipindukia kabisa, ndipo tulipoona kidogo kabisa. Arnold alipolipua kambi, sisi wa Keroka tuliona vigae vya rangi ya machungwa vikirukaruka.

Nani alitujazia pengo? Msimulizi.

Kila mtu aliyekulia Kenya miaka ya 2000 anamjua DJ Afro, ambaye alisimulia sinema za vita kwa Kiswahili na Sheng juu ya sauti ya picha yenyewe. Tanzania walikuwa na Lufufu. Uganda wana "VJ" wao, akiwemo VJ Jingo, wanaofanya kazi hiyo kwa Kiganda. Na si jambo la Afrika Mashariki peke yake: huko Japani, enzi za sinema zisizo na sauti, kulikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, waliokaa kando ya skrini wakizungumza kwa niaba ya wahusika wote, na watu walikwenda kumsikiliza benshi fulani kama wengine walivyokwenda kumwona staa fulani.

Sisi waandishi wa programu tuna kitu kinaitwa usahihishaji wa makosa: unaongeza taarifa kidogo ili data ikiharibika njiani, mpokeaji aweze kuijenga upya. Msimulizi alikuwa usahihishaji wetu wa makosa. Picha ikivunjika, yeye anakuambia nani amepigwa. Kiingereza kikikushinda, anakuambia adui amesema nini, na kama adui hakusema kitu cha maana, anamtungia. Alimpa mhalifu jina la mtaani, alimpa staringi madeni na mke mkali. Sinema ya California ikawa yetu.

Hiyo ndiyo faida ya kwanza, na siioni ndogo. Wengi wetu tuliingia kibandani tukiwa na Ekegusii cha nyumbani na Kiswahili cha darasani cha "hiki ni kiti, hicho ni kikombe". Tulitoka na Kiswahili cha kugombana, kubembeleza, kutisha na kuchekesha. Na kujifunza huko kulikuwa na mitego yake. Katika Ekegusii, "baba" ni mama, na baba ni "tata". Basi msimulizi alipotangaza kwamba baba wa yule binti anakuja na hasira, ndugu yangu mdogo, aliyekuwa bado hajaanza shule, aliamini ni mama mtu. Alikaa sinema nzima akimsubiri. Mwishoni aliniuliza kwa huzuni kwa nini baba hakufika na kazi yote ikaachiwa yule jamaa mwenye misuli.

Faida ya pili ni kwamba picha hizi hazidanganyi kuhusu uongo wao. Watu wazima wanaozidharau husahau hilo. Magokoro, yaani bibi yangu, alitusimulia emegano jikoni jioni, hadithi za majitu yanayomeza watu na ng'ombe halafu yanapasuliwa na wote wanatoka wazima. Hakuna mtoto aliyeuliza waliwezaje kupumua tumboni. Kupindukia kulikuwa ishara kwamba tumeingia kwenye hadithi. Risasi zinazomkwepa Arnold ni ndugu wa lile tumbo la jitu. Mtoto anajua. Anachopata humo si habari za jinsi bunduki inavyofanya kazi. Anapata hisia moja, kwamba mdogo anaweza kumkatalia mkubwa. Kwa mtoto wa mkulima wa chai au ndizi ambaye kila mkubwa anamwamuru, hisia hiyo ina thamani.

Faida ya tatu: zinawafanya watu watengeneze zao. Mfano bora uko Wakaliga, mtaa wa Kampala. Isaac Nabwana hakulelewa kwenye majumba ya sinema. Kaka zake ndio waliokwenda, wakarudi kumsimulia, naye akazitazama kichwani. Mwaka 2010 alitoa Who Killed Captain Alex?, sinema ya makomando na helikopta za kompyuta, iliyotengenezwa, kwa maelezo yake mwenyewe, kwa chini ya dola 200. Aliihariri kwenye kompyuta aliyoiunga mwenyewe kwa vipuri. Tangazo lake kwenye YouTube likazunguka dunia. Halafu sikilizeni hili, nyinyi mnaopuuza kuhifadhi nakala: faili za asili hazipo. Alizifuta ili apate nafasi kwenye diski ya kutengeneza sinema iliyofuata. Dunia nzima inaitazama kupitia nakala ya DVD.

Nilipomsoma Nabwana nilimkumbuka binamu yangu. VCD zilikuwa zinakwaruzika, na mara nyingi diski ya pili ndiyo iliyokataa. Deki inakwama, inasoma, inakwama. Watu wameshalipa, hawataki kusikia habari ya mkwaruzo. Basi binamu alikuwa anazima televisheni, anasimama mbele, anatusimulia mwisho kwa mdomo wake, kwa mikono na kwa mateke. Baadaye niliziona baadhi ya sinema hizo nzima, na nawaambia kweli, mwisho wa binamu ulikuwa bora.

Lakini hapo ndipo swali langu linapoanza. Diski ya pili ina nini hasa? Adui amekufa, binti amepatikana, ndege inaondoka kisiwani, majina yanapanda. Huo ndio mwisho?

Magokoro hakuwahi kuingia kibandani. Siku moja alitukuta tumekaa chini ya mti tukibishana nani ni zaidi kati ya Rambo na Komando. Akatuuliza, "Na Otenyo je?" Akatusimulia. Niliyoyasikia kwake niliyasoma tena baadaye chuoni, badala ya kusomea mtihani wa mifumo endeshi, na mambo makuu yanapatana.

Waingereza walileta jeshi kwetu Gusii mwaka 1905, wakaua watu zaidi ya mia moja kwa bunduki. Mwaka 1907 wakaweka kituo mahali ambapo sasa ni mji wa Kisii, ambao wazee bado huuita Getembe. Ofisa wao aliitwa Geoffry Northcote, na watu wetu, kwa ulimi wetu, wakamwita Nyarigoti. Alikusanya kodi na ng'ombe. Kulikuwa na mwanamke mwonaji, Moraa wa Ngiti, aliyewakejeli vijana kwa kukaa kimya wakati mifugo inaondoka. Januari 1908, kijana Otenyo wa Kitutu alimvizia Nyarigoti njiani na kumchoma mkuki mgongoni.

Tulipiga makofi. Hii ilikuwa picha kamili! Staringi mmoja, silaha moja, adui mwenye jeshi. Kama ingekuwa ya Hollywood, majina yangepanda hapo.

Magokoro akasema, "Ngojeni, sijamaliza."

Nyarigoti hakufa. Alipona. Na jeshi likarudi. Nyumba zilichomwa, nafaka zikachomwa, maelfu ya ng'ombe wakachukuliwa, na watu wasiopungua mia moja wakauawa, wengi wao wakiwa hawajawahi kumwona Otenyo. Mauaji yalizidi mpaka Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni huko London, akaandika kulalamika. Otenyo mwenyewe alikamatwa na akauawa. Kwetu inasimuliwa kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza, na mpaka miaka ya karibuni wazee wamekuwa wakidai kirudishwe.

"Hiyo ndiyo diski ya pili," naweza kusema leo. Wakati ule sikuwa na maneno hayo. Nilikasirika tu kwamba Magokoro ameharibu picha nzuri.

Hakumdharau Otenyo, naomba nieleweke. Alimtaja kwa heshima ambayo hakuwapa hata machifu. Alichokataa ni kumkata hadithi katikati. Aliona kwamba ushujaa wa Otenyo unajulikana kwa gharama yake, na ukiondoa gharama, humpi sifa zaidi, unamfanya mwepesi. Ndivyo ninavyoona ugonjwa wa Commando. Matrix hana gharama. Wanajeshi wa kisiwani wanaanguka kama magunia, hakuna aliye na mama. Jenerali anafika kila kitu kimekwisha, na hakuna anayehojiwa.

Historia yenyewe iliweka kichekesho ambacho hakuna mwandishi wa Hollywood angethubutu. Nyarigoti alipanda cheo. Akawa gavana wa Guiana ya Uingereza, na mwaka 1937 akawa gavana wa Hong Kong, akakaa huko mpaka 1941. Ndiyo, Hong Kong! Bruce Lee, aliyezaliwa San Francisco mwishoni mwa 1940, alipelekwa Hong Kong akiwa mtoto mchanga mwaka huo wa 1941. Jackie Chan alizaliwa huko mwaka 1954. Mtu aliyechomwa mkuki Kisii alikwenda kuutawala mji ambao baadaye ungewaletea watoto wa Kisii picha za watu wanaowapiga wakubwa kwa mikono mitupu. Tuliwashangilia mashujaa wa Hong Kong kilomita chache tu kutoka mahali ambapo gavana wake wa zamani aliangushwa, na wengi wetu hatukujua.

Nikirudi kwenye haki, si picha zote zinazokwepa bili. Nilipozipitia diski za binamu, niligundua mbili zilizokuwa zikituambia ukweli tukakataa kusikia. First Blood ya mwaka 1982, Rambo ya kwanza kabisa, inaisha kwa Rambo kulia kama mtoto na kukubali kukamatwa. Kibandani tuliiita Rambo mbaya. Tulitaka ile ya 1985, yenye mishale inayolipuka, ambayo hakuna anayelia kwa muda mrefu. Na Jackie Chan, sinema zikiisha, alituonyesha vipande vilivyoharibika: anaanguka, anashindwa kupumua, anabebwa. Mwaka 1986 alipotengeneza Armour of God aliteleza kwenye mti akapasuka fuvu, na ajali hiyo imo mwishoni mwa sinema. Sisi tulikuwa tunasimama kutoka kabla ya vipande hivyo, kwa sababu binamu alikuwa anataka benchi kwa kundi linalofuata. Ukweli ulikuwepo kwenye diski. Biashara ndiyo haikuwa na muda nao.

Sasa nifikie lile jambo.

Picha hizi zina upungufu wa pili, ambao ni mbaya kuliko wa kwanza. Ndani yake huhitaji kuuliza nani mkosaji. Anaonekana. Ana kovu, ana kicheko, muziki unabadilika akiingia. Staringi haulizi ushahidi kwa sababu sisi watazamaji tumeshaona kila kitu. Katika mchezo wa watoto, basi, lazima apatikane adui, na lazima aonekane.

Nilikuwa na miaka kama kumi. Kijijini kwetu kulikuwa na mama mzee aliyeishi peke yake nyumba ya mwisho kabla ya mto. Alikuwa na jicho moja jeupe, na alizungumza na kuku wake. Hakutukosea lolote. Mchana mmoja tulikuwa watano, tumepaka masizi usoni kama Matrix, tumebeba miti kama bunduki. Mmoja wetu akasema adui ni yule. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Tulimzunguka nyumbani kwake tukitambaa kwenye migomba, kisha tukavurumisha mawe juu ya bati lake huku tukitoa milio ya risasi kwa midomo. Wengine walipaza neno la Ekegusii la mchawi, ambalo tulikuwa tumewasikia wakubwa wakilinong'ona. Mimi nilirusha mawe matatu. Nayakumbuka yote matatu.

Alitoka, akasimama mlangoni, hakutufukuza. Alikuwa anatetemeka. Nilidhani ni uzee.

Magokoro alipopata habari hakunichapa. Alinishika mkono akanipeleka kwa yule mama, akanisimamisha mbele yake na kuniambia nimwamkie na nimwambie jina langu na la baba yangu. Kisha akaniambia nimwulize jina lake. Nikamwuliza. Alikuwa na jina, alikuwa na watoto wawili aliowazika, na jicho lile liliharibika akichuma chai. Tulikaa mpaka giza. Tukirudi Magokoro alisema jambo moja tu: "Kumrushia mtu jiwe ni rahisi kabla hujamjua jina."

Mei 2008 nilikuwa na miaka kumi na moja. Redio ikatangaza kwamba katika vijiji vya Kisii, si mbali sana na kwetu, kundi la watu lilikuwa limepita nyumba kwa nyumba usiku na kuwachoma moto watu 11 waliotuhumiwa uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake wazee. Magokoro alizima redio akaenda kulala mchana. Ndipo nilipoelewa kwa nini yule mama alikuwa akitetemeka. Milio yetu ya midomo haikuwa mchezo masikioni mwake. Na msidhani ni ya kale: Oktoba 2021, huko Marani, kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na kundi la watu kwa tuhuma zilezile.

Tafadhali msinisome vibaya. Sisemi Arnold ndiye aliyewasha moto. Tuhuma za uchawi ni kongwe kuliko mkanda wowote, na nyuma yake mna mashamba, wivu, misiba isiyoelezeka na hofu. Waliochoma wengi wao hawakuhitaji sinema kuwafundisha. Ninachosema ni kidogo zaidi, na ninakisema juu yangu mwenyewe. Picha zilizonilea zilinifundisha kusimama, zikanifundisha Kiswahili, zikanifundisha kucheka na umati. Hazikunifundisha kuuliza. Humo hamna onyesho hata moja ambalo staringi anasimama na kusema, "Ngoja, tuna hakika ni huyu?" Pengo hilo lilijazwa na Magokoro, kama msimulizi alivyojaza picha iliyovunjika.

Kwa hiyo jibu langu kwa lile swali ni hili. Acheni watoto watazame Komando. Zikipigwa marufuku watazitazama kwa simu chini ya blanketi, tena bila msimulizi. Lakini awepo mtu kando ya skrini. Zamani kibandani tulikuwa sitini kwenye mabenchi, na kulikuwa na sauti ya mtu juu ya sauti ya sinema, ikitania, ikihoji, ikimpunguza staringi pale alipojiona. Leo kila mtoto yuko peke yake na skrini ya inchi sita, picha ni safi, viboksi hakuna, na usahihishaji wa makosa haupo. Tumepata pikseli zote, tukampoteza mtu aliyesema "ngojeni, sijamaliza".

Kazi ya binamu nimeimaliza. Katoni ilikuwa na diski 143, zikasomeka 118. Commando nimeihifadhi mahali pawili, kwa sababu ya Nabwana. Na kwa kuwa diski ngumu ilibaki na nafasi, nilichukua simu nikamrekodi Magokoro akisimulia habari za Otenyo na Nyarigoti, tangu 1905 mpaka kile kichwa ambacho hakijarudi. Dakika 52, bila kukatiza. Nimeliweka faili hilo kwenye folda moja na Komando, nikaliita "diski_ya_pili".

Yule mama wa karibu na mto alifariki mwaka 2015, kwa uzee, kitandani kwake. Mimi nilikuwa miongoni mwa vijana waliochimba kaburi.

Haya, nimeongea sana. Somo la hifadhidata linakuja wiki ijayo, Mungu akipenda. Na wewe ambaye bado una mikanda au VCD nyumbani, usingoje ukungu. Nakili sasa, kisha kaa na wazee uwaulize nini kilifuata baada ya majina kupanda.